Safari ya meli ya utalii na familia: dhana zinazozusha ugomvi kabla ya kung'oa nanga

Ugomvi wa familia kuhusu safari ya meli huanza miezi mingi kabla ya siku ya kupanda. Mmoja ameona bei, mwingine ameshawaahidi watoto, wa tatu hajalipa arbuni. Mara nyingi si ukaidi wa mtu. Watu wanapanga meli kama wanavyopanga hoteli, na meli si hoteli. Idadi ya watu ina kikomo cha kisheria, karibu kila bandari ni mpaka wa nchi nyingine, na tiketi ni mkataba unaoipa kampuni uhuru mkubwa kuliko unaompa abiria.

Dhana: Chumba kina vitanda vinne, basi watu wanne wataingia.

Ukweli: Kuwepo kwa kitanda hakumaanishi kuwepo kwa nafasi. Kila chumba kimepangiwa kituo cha kukutania wakati wa dharura, na kila kituo kina kikomo cha watu. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, unazitaka meli za safari ndefu ziwe na mashua za uokoaji za kutosha angalau asilimia 37.5 ya watu wote kila upande, na wanaobaki wapate machelezo. Vyumba vya eneo moja vikishauzwa kwa watu watatu na wanne, mfumo wa kuuza vyumba hukataa mtu wa nne hata kama kitanda chake kipo, kimekunjwa darini. Ndiyo maana vyumba vya wanne huisha mapema, hasa msimu wa likizo za shule, huku vya wawili vikiwa bado tele.

Bei nayo ina hesabu yake. Inayotangazwa ni ya mtu mmoja, kwa kuchukulia kwamba wawili wanalala chumba kimoja. Wa tatu na wa nne kwa kawaida hulipa nauli ndogo zaidi, lakini kodi na ada za bandari hazipungui kwa sababu mtu analala kitanda cha juu. Anayelala peke yake huongezewa, mara nyingi hadi kufikia nauli ya watu wawili. Kwa familia ya watu watano, omba bei mbili siku hiyohiyo: chumba kimoja kikubwa, na vyumba viwili vya kawaida. Viwili mara nyingi hutoka nafuu, tena mnapata vyoo viwili, jambo ambalo asubuhi ya kushuka bandarini lina thamani yake.

Dhana: Tukiunganisha nafasi zetu kwenye mfumo, tutakaa jirani.

Ukweli: Kuunganisha namba za nafasi kunasaidia zaidi meza ya chakula. Ujirani hupatikana kwa kuchagua namba za vyumba kwenye ramani ya sitaha. Ukinunua chumba cha bei ya chini ambacho kampuni ndiyo itakupangia, kubali kwamba bibi anaweza kuwa omo, mbele ya meli, na wajukuu tezi, nyuma kabisa. Vyumba vilivyopakana pia si sawa na vyumba vyenye mlango wa ndani kati yake. Hivyo vina alama maalumu kwenye ramani na ni vichache.

Kisha kuna umri. Kampuni nyingi zinazosafiri kutoka Amerika ya Kaskazini hudai kila chumba kiwe na mtu wa miaka 21 au zaidi. Mabinamu wa miaka 19 hawawezi kujichukulia chumba chao hivihivi. Wazazi wenye watoto wadogo kwa kawaida huruhusiwa kuwaweka chumba cha jirani au cha mkabala. Pale mfumo unapogoma, familia humwandikisha mzazi mmoja na mtoto mmoja katika kila chumba, halafu huomba funguo za ziada mapokezini.

Dhana: Nauli imemaliza kila kitu.

Ukweli: Nauli ni chumba, milo ya migahawa mikuu, na burudani nyingi za ndani. Bakshishi ya kila siku kwenye meli kubwa nyingi ni takriban dola 16 hadi 20 kwa kila mtu, watoto wakiwemo. Watu wanne kwa usiku saba, kwa dola 18, ni dola 504, na hapo hakuna aliyenunua soda. Intaneti, migahawa maalumu, matembezi ya nchi kavu na matibabu ya zahanati ya meli hulipiwa kando. Kifurushi cha vileo kina mtego unaowagombanisha wenzi: kampuni kadhaa hudai mtu mzima mmoja akikinunua, kila mtu mzima wa chumba hicho anunue, anywe asinywe.

Dhana: Kila mtu ana pasipoti, hati zimekamilika.

Ukweli: Hapa ndipo safari nyingi hufia. Meli ikitoka nchi moja, ikatembelea nyingine na kurudi ilikoanzia, umetoka na kuingia tena, hivyo viza ya kuingia mara moja huenda isitoshe. Nchi nyingine hudai viza hata kwa asiyeshuka melini. Kampuni haikupi viza wala haibebi lawama: ukikosa hati mojawapo, unazuiwa kupanda na nauli haurudishiwi. Andika bandari zote za ratiba, kisha angalia masharti ya kila nchi kwa kila uraia uliomo kwenye familia. Pasipoti iwe na miezi 6 ya uhai baada ya siku ya kurudi, na jina kwenye tiketi lifanane na la pasipoti herufi kwa herufi. Yale yanayosemwa kuhusu kusafiri kwa cheti cha kuzaliwa na kitambulisho tu yanawahusu raia wa Marekani, kwenye safari zinazoanza na kuishia bandari ileile ya Marekani. Si ruhusa ya wote.

Mtoto akisafiri na mzazi mmoja, au na shangazi, beba barua ya idhini ya mzazi asiyekuwepo iliyothibitishwa na wakili, pamoja na cheti cha kuzaliwa, hasa pale majina ya ukoo yanapotofautiana. Mtoto mchanga kwa kawaida hukubaliwa kuanzia miezi 6, na miezi 12 kwa safari za kuvuka bahari kuu. Mjamzito atakayeingia wiki ya 24 wakati wowote wa safari hukataliwa na kampuni nyingi. Wiki zihesabiwe hadi siku ya kushuka, si ya kupanda.

Dhana: Watoto watatunzwa, sisi tupumzike.

Ukweli: Klabu ya watoto ya bure kwa kawaida huanzia miaka 3, na mtoto awe ameshaacha nepi. Nepi hizohizo humzuia kuingia mabwawa ya kawaida ya kuogelea kwenye meli nyingi, hata zile nepi za kuogelea. Huruhusiwa kwenye sehemu ya maji ya watoto wachanga tu, kama meli inayo. Uliza kabla ya kulipa, maana mtoto wa miaka miwili anayepitishwa kando ya bwawa siku saba hana subira.

Dhana: Meli inaondoka saa 11 jioni, tukifika saa 10 tumewahi.

Ukweli: Usajili hufungwa dakika 60 hadi 90 kabla, kwa sababu orodha ya abiria lazima iwafikie wakuu wa mamlaka. Kama mnakuja kwa ndege, fikeni siku moja kabla. Kwenye bandari za njiani, fuateni saa ya meli; simu inaweza kujibadilisha yenyewe na kuwadanganya. Matembezi yaliyonunuliwa melini yakichelewa, meli kwa kawaida huwasubiri. Mliojipangia wenyewe mtaiona mgongo.

Dhana: Ratiba iliyochapishwa ni ahadi. Ukweli: Nahodha anaweza kuruka bandari kwa sababu ya upepo, na hasa zile zinazofikiwa kwa mashua ndogo. Mnachorudishiwa kwa kawaida ni ada ya bandari hiyo tu.

Dhana: Mmoja akijitoa, hasara ni yake peke yake.

Ukweli: Malipo ya mwisho hudaiwa takriban siku 75 hadi 120 kabla ya safari, na kuanzia hapo kiasi kinachokatwa hupanda kwa ngazi hadi nauli nzima. Watatu wakiwa chumba kimoja na mmoja wa wawili wa kwanza akajitoa, kampuni inaweza kumhamisha wa tatu nafasi ya pili kwa bei ya nafasi hiyo. Wawili wakibaki mmoja, aliyebaki huongezewa nauli ya upweke. Kubalianeni kwa maandishi, kabla ya arbuni, nani atalipa pengo hilo. Bima inunuliwe mapema. Nyingi hukubali ugonjwa uliokuwepo tangu zamani pale tu bima ikinunuliwa siku chache baada ya malipo ya kwanza. Ihakikisheni inagharamia kuhamishwa mgonjwa kutoka baharini.

Dhana: Chumba cha juu kabisa ndicho bora. Ukweli: Kwa mwenye kichefuchefu cha baharini, chumba cha katikati na sitaha za chini huyumba kidogo zaidi. Dawa imezwe kabla meli haijaanza kuyumba.

Dhana: Tutafungasha kama tunavyofungasha siku zote.

Ukweli: Pasi, birika la umeme na ekstensheni yenye kinga ya umeme huchukuliwa mlangoni. Ekstensheni za namna hiyo ni hatari kwa moto, kwa kuwa umeme wa meli haukuungwa na ardhi kama wa nyumbani. Mizigo mikubwa hukabidhiwa gatini na inaweza kufika chumbani jioni. Dawa, pasipoti, nepi za saa sita na nguo za kuogelea zikae kwenye begi la mkononi.