Gemu inapopata watazamaji: maana ya michezo ya kielektroniki

Pita jioni kwenye kibanda chochote cha gemu, iwe Mwananyamala au Likoni, utakuta mambo yale yale. Wawili wameshika padi, wanacheza mpira kwenye runinga. Nyuma yao wamesimama saba au wanane. Wengine wanasubiri zamu, kwa sheria ile ya anayefungwa anapisha. Lakini wapo wasio na hata hela ya kulipia mchezo mmoja, na hawaondoki. Wanashangilia, wanabishana, wanamfokea aliyeshika padi apige krosi mapema. Hao wasiocheza ndio kiini cha dhana ninayotaka kuieleza.

Michezo ya kielektroniki, ambayo vijana wengi huiita kwa jina lake la kimataifa, esports, ni mashindano ya gemu za kompyuta, simu au runinga yanayochezwa na wachezaji wa kulipwa mbele ya watazamaji. Mtu akisikia maelezo hayo kwa mara ya kwanza, masikio yake hunasa neno "kulipwa", kisha anauliza ni shilingi ngapi. Mimi naona uzito uko kwenye maneno ya mwisho. Anayecheza chumbani kwake usiku kucha ni mcheza gemu tu, hata awe fundi kiasi gani. Siku watu wanapokubali kukaa saa nzima kumtazama, wakamchagua kuwa wao, wakaumia akishindwa, hapo ndipo gemu imegeuka mchezo wa mashabiki.

Mashindano yenyewe ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Oktoba 1972, watu wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani walishindana kwenye gemu iitwayo Spacewar!, na zawadi ilikuwa kuletewa jarida la Rolling Stone kwa mwaka mmoja. Mwaka 1980 kampuni ya Atari iliandaa mashindano ya Space Invaders yaliyovuta zaidi ya watu 10,000. Mwaka 1997 kijana Dennis Fong, aliyejulikana kama Thresh, alishinda mashindano ya Quake akaondoka na gari la Ferrari lililokuwa la John Carmack, mmoja wa waliounda gemu hiyo. Habari hizo zilisisimua, lakini kila moja iliisha na siku yake. Hapakuwa na msimamo wa ligi wa kuufuatilia wiki inayofuata, wala shabiki wa kurithisha timu kwa mdogo wake.

Hayo yalizaliwa Korea Kusini, na sababu zake hazikuanzia kwenye gemu. Mgogoro wa fedha wa mwaka 1997 uliwaacha watu wengi bila kazi. Serikali ikaweka fedha nyingi kwenye intaneti ya kasi, na mitaani vikaenea vyumba vya kompyuta vya kulipia kwa saa, ambavyo Wakorea huviita PC bang. Mwaka 1998 ikatoka StarCraft, gemu ya vita ambamo kila mmoja anachimba mali, anajenga kambi na kuunda jeshi huku mwenzake akifanya vivyo hivyo upande wa pili wa ramani. Mwaka 1999 chaneli ya katuni za watoto, Tooniverse, ikaanza kuonyesha mechi zake. Watazamaji wakapatikana, na mwaka 2000 ikaanzishwa chaneli nzima ya gemu, Ongamenet. Mwaka huo huo kikaundwa chama cha kusimamia mchezo huo nchini humo, KeSPA. Kampuni kubwa kama Samsung na SK Telecom zikamiliki timu, wachezaji wakaishi kambini na makocha wao, na bingwa Lim Yo-hwan, kwa jina la uwanjani BoxeR, akawa na mamia ya maelfu ya mashabiki waliojiandikisha kwenye klabu yake. Mwaka 2004 fainali ya ligi ilichezwa ufukweni Gwangalli, mjini Busan, na umati ulitajwa kufika watu laki moja.

Kwa nini mtu amtazame mwingine anacheza, wakati angeweza kucheza mwenyewe? Swali hili huulizwa sana, na kwetu sisi jibu liko barazani. Wazee wakikaa kwenye bao, wanaocheza ni wawili, wanaotazama ni kumi. Mgeni asiyejua bao ataona kete zinazungushwa mashimoni, basi. Anayejua anaona namua, ile hatua ya kwanza ya kuingiza kete, inakaribia kwisha, anaona nyumba ya mmoja imekaa vibaya, anaona mtego ambao mchezaji mwenyewe bado hajauona, na anajizuia kusema. Utamu wa kutazama unatoka kwenye ujuzi wa anayetazama. Ndivyo ilivyo kwenye gemu hizi, na ndiyo maana wengi wa mashabiki wake ni watu waliowahi kuzicheza.

Tena gemu inampa mtazamaji kitu ambacho hata bao haina. Kwenye StarCraft, na kwenye League of Legends, gemu ya vita vya timu iliyokuja baadaye, sehemu kubwa ya ramani imefunikwa giza. Mchezaji anaona pale tu penye watu wake. Mtazamaji anaona pande zote mbili. Ni kama kusimama katikati ya wacheza karata ukiona mikono yote. Unaona watatu wamejificha kichakani, unaona adui anakuja taratibu akidhani njia ni nyeupe, na huna namna ya kumwambia. Kwa sababu hiyo wachezaji wa jukwaani huvaa vipokea sauti vinavyoziba masikio, ili kelele za ukumbini zisiwafichulie yanayowasubiri. Wapo pia watu ambao kazi yao ni kuongoza kamera ndani ya gemu yenyewe, kubahatisha tukio litatokea kona gani ya ramani na kulielekea kabla halijatokea. Wakikosea, watazamaji hulikosa. Pamoja nao wapo watangazaji wawili, mara nyingi mmoja wa kupandisha sauti na mwingine wa kuchambua, sawasawa na redioni siku ya mechi ya watani wa jadi.

Tukio moja linaeleza haya kuliko maelezo yangu. Mwaka 2004, kwenye Evo, mashindano makubwa ya gemu za kupigana, huko California, Mjapani Daigo Umehara alikuwa akipambana na Mmarekani Justin Wong kwenye Street Fighter III: 3rd Strike. Uhai wa mpiganaji wa Daigo ulikuwa umebaki kama uzi. Kwenye gemu ile, hata ukijikinga, pigo kubwa linakumega kidogo, na kwa Daigo hicho kidogo kingetosha kummaliza. Wong akaachia shambulio la mapigo 15 mfululizo. Njia pekee ya kupona ilikuwa kulizima kila pigo kwa kusukuma kifimbo mbele katika sehemu ndogo ya sekunde, wakati pigo linafika. Daigo alizima yote 15, kisha akajibu na kushinda pambano. Kwenye video ile skrini inaonyesha vikaragosi viwili tu. Kinachokupandisha mori ni watu wasioonekana, wale walioanza kupiga kelele kwenye pigo la tatu au la nne, kwa sababu walikuwa wameshaelewa anachojaribu. Daigo hakutwaa ubingwa mwaka ule. Wanaokumbuka jina la bingwa ni wachache. Tukio lenyewe linarushwa mpaka leo.

Kilichoutoa mchezo huu Korea na kuusambaza duniani ni kurusha matangazo mtandaoni. Twitch, mtandao wa kurusha gemu mubashara, ilianza mwaka 2011, na mwaka 2014 Amazon ikainunua kwa takriban dola milioni 970. Chaneli ya runinga haikuhitajika tena. Aliyekuwa na intaneti aliweza kutazama fainali mubashara na kuchati na maelfu ya wenzake humo humo. Mwaka huo wa 2011 ubingwa wa kwanza wa dunia wa League of Legends ulichezwa Sweden, kwenye kona ya tamasha la kompyuta, zawadi zote zikiwa dola 100,000. Miaka mitatu baadaye fainali ilijaza uwanja wa Kombe la Dunia wa Seoul, watu wapatao 40,000.

Nyota mkubwa wa gemu hiyo ni Mkorea Lee Sang-hyeok, anayejulikana kama Faker. Alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 2013, 2015 na 2016. Mwaka 2017 timu yake ilifungwa 3-0 kwenye fainali Beijing, akalia mbele ya uwanja mzima. Ilipita miaka sita. Mwaka 2023 akarudi bingwa, na mwaka 2024, ukumbi wa O2 mjini London, timu yake ya T1 ikiwa nyuma 2-1 dhidi ya Bilibili Gaming ya China, ilipindua na kushinda 3-2, naye akachaguliwa mchezaji bora wa fainali. Mwaka 2025 akaongeza taji la sita. Aliyefuatilia safari hiyo yote hahitaji kuelezwa kwa nini watu hutazama.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha. Watu hupoteza muda mwingi kubishana kama hii ni michezo ya kweli, eti mchezaji amekaa kwenye kiti. Michezo ya Asia iliyofanyika Hangzhou mwaka 2023 ilitoa medali kamili, na vijana wa Korea waliotwaa dhahabu walisamehewa utumishi wa kawaida wa jeshi kama wanamichezo wengine. Kwangu swali zito liko kwingine: mchezo huu una mwenyewe. Mpira hauna mwenyewe. FIFA inasimamia mashindano, lakini haiwezi kuwazuia watoto wa Temeke kufunga makaratasi na kamba wakacheza. Bao pia halina mwenyewe. Chimba mashimo ardhini, okota kete. League of Legends ni mali ya Riot Games. Dota 2, gemu nyingine ya aina hiyo, ni mali ya Valve. Kampuni inaamua nani aandae ligi, na mara kwa mara inarekebisha gemu yenyewe, inampunguzia nguvu mhusika huyu na kumwongezea yule. Mchezaji aliyejenga ufundi wake wote juu ya mhusika mmoja anaweza kuamka asubuhi akakuta silaha yake imefanywa butu.

Na fedha nazo ziko mikononi mwa mwenye mali. Kwa Dota 2, Valve ilikuwa ikiuza vifurushi vya mapambo na changamoto kwa wachezaji wa kawaida, robo ya mapato ikiingia kwenye zawadi za mashindano yake makuu, The International. Mwaka 2021 zawadi zilipita dola milioni 40, na Team Spirit ikachukua zaidi ya milioni 18. Utaratibu ulipobadilishwa, mwaka 2023 zawadi za mashindano hayo hayo zilikuwa kama dola milioni 3. Mashabiki hawakuwa wameuhama mchezo. Uamuzi ulifanywa ofisini. Ligi ya Overwatch, gemu ya timu ya kupigana risasi, iliyoanza mwaka 2018 kwa timu za miji kama ligi za Marekani, ilifungwa mwaka 2023. Hivyo ukisoma takwimu za kuvutia za zawadi, uliza fedha zimetoka wapi. Kombe la dunia la michezo hii lililoanzia Riyadh mwaka 2024 lilikuwa na zawadi za zaidi ya dola milioni 60, na nyuma yake upo mfuko wa uwekezaji wa serikali ya Saudi Arabia. Hizo ni hela kweli, na wachezaji wanazistahili, ila hazitupimii hamu ya mashabiki. Mpango wa Olimpiki ya michezo hii uliotangazwa mwaka 2024 kwa ushirikiano na nchi hiyo hiyo ulivunjwa mwaka 2025 kabla haujafanyika hata mara moja.

Kamari pia imo. Mwaka 2010 ligi ya StarCraft ilitikiswa na kashfa ya kupanga matokeo, wachezaji 11 wakafungiwa maisha, miongoni mwao bingwa wa zamani Ma Jae-yoon. Penye mashabiki pana wacheza kamari, na kijana wa miaka 19 asiyelipwa vizuri ni rahisi kununuliwa.

Afrika Mashariki tumo, ingawa kwa mlango mwembamba. Mwaka 2018 Mkenya Sylvia Gathoni, aitwaye QueenArrow, mcheza gemu ya kupigana ya Tekken, alisajiliwa na timu ya Marekani ya UYU, Mkenya wa kwanza kusajiliwa na timu ya kimataifa. Kinachowabana wenzake waliobaki nyumbani ni umbali. Gemu za kupigana huhesabiwa kwa picha 60 kila sekunde. Ukicheza mtandaoni kutoka Nairobi au Dar es Salaam kupitia seva ya Ulaya, amri ya kidole chako kwenda na kurudi inaweza kula sehemu moja ya kumi ya sekunde au zaidi, yaani picha sita. Kwa mchezo wa kuzima mapigo kama alivyofanya Daigo, hapo umeshapigwa kabla hujaona. Ukitaka kusafiri kwenda kushindana ana kwa ana, kuna viza.

Wapakistani walikuwa na vizuizi hivyo hivyo. Mwaka 2019 Arslan Siddique wa Lahore, ajulikanaye kama Arslan Ash, alisumbuka na viza na ndege mpaka kufika Japani, akashinda Evo Japan ya Tekken 7, kisha mwaka huo huo akashinda Evo ya Las Vegas. Akawaambia walioshangaa kwamba kwao wako wengine wa kiwango chake. Mkorea aliyejulikana kama Knee, mmoja wa wakubwa wa mchezo huo, akafunga safari kwenda Pakistan kuhakikisha, akapigwa na watu ambao dunia haikuwahi kuyasikia majina yao. Walikuwa wamenoana kwenye vyumba vya gemu vya mtaani, mashine moja, wawili wakicheza na wengine wamesimama nyuma yao.