Kocha wa riadha chuoni: yanayosemwa na yalivyo

Kila Septemba, wanafunzi wapya wakiripoti, meza yetu ya michezo hujaa maswali. Wapo wanaotaka kujiunga na timu, wapo wanaotaka kujua ukocha ni kazi ya namna gani, na hapo ndipo nasikia mengi yasiyo ya kweli. Nimefundisha riadha katika chuo kimoja hapa Nairobi kwa miaka kumi na mmoja. Naandika kwa sababu nimewaona vijana, hasa wasichana, wakiiacha kazi hii kabla ya kuionja kwa kuwaamini wasioijua.

"Lazima uwe umewahi kushinda medali"

Dhana hii ndiyo inayowafukuza wengi. Mtawa Colm O'Connell alifika Iten, mji mdogo wa Bonde la Ufa, kutoka Ireland mwaka 1976 kufundisha jiografia katika shule ya sekondari ya St Patrick's. Hakuwa mkimbiaji, wala hakuwa amesomea ukocha. Alijifunza kwa kuwatazama wanafunzi wakikimbia na kuwauliza maswali. Mikononi mwake alipita David Rudisha, ambaye katika Olimpiki ya London 2012 alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, mtu wa kwanza kushuka chini ya 1:41.

Wapo mabingwa waliogeuka makocha wazuri pia. Patrick Sang alipata medali ya fedha katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Olimpiki ya Barcelona 1992, na ndiye aliyemlea Eliud Kipchoge, bingwa wa marathoni. Lakini Sang alisoma Chuo Kikuu cha Texas kabla ya kuwa kocha, na ukimsikia akizungumza utajua ni mtu aliyesoma. Kwa maoni yangu medali humsaidia kocha siku ya kwanza, maana vijana watanyamaza wamsikilize. Baada ya wiki mbili wanachotaka ni mtu anayeona kwamba mguu wa kushoto unaburuta.

Njia ya kawaida ni hii: shahada ya sayansi ya mazoezi na michezo, kama inayotolewa Kenyatta University, au shahada nyingine yoyote pamoja na kozi za makocha kupitia Athletics Kenya, shirikisho la riadha nchini, kisha miaka ya kuwa msaidizi wa mtu. Mimi nilipanga viunzi vya kocha mwingine misimu mitatu kabla ya kukabidhiwa kundi langu.

"Riadha ya Kenya ni masafa marefu, kocha anawaachilia tu wakimbie"

Julius Yego alirusha mkuki mita 92.72 Beijing mwaka 2015 akawa bingwa wa dunia, na mengi ya mwanzo alijifundisha kwa kutazama video YouTube kwa kukosa kocha wa mkuki. Mashindano hayo hayo Nicholas Bett alishinda mita 400 kuruka viunzi kwa sekunde 47.79. Ferdinand Omanyala, aliyekuwa mchezaji wa raga na mwanafunzi wa kemia katika Chuo Kikuu cha Nairobi, alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 hapo Kasarani Septemba 2021, rekodi ya Afrika. Kisa cha Yego huniuma kila nikikikumbuka. Watu hukisimulia kama sifa, mimi nasikia pengo: nchi nzima, na kijana mwenye mkono ule akafundishwa na video.

Wakimbiaji wa mita 10,000 wenye kipaji kikubwa mara nyingi huchukuliwa na kambi za Bonde la Ufa au timu za majeshi mapema. Chuoni Nairobi huja msichana mrefu aliyecheza voliboli, mvulana wa raga aliyechoka kuumizwa bega, na mwingine ambaye hajawahi kushika tufe. Hao ndio timu yangu, na kuwaachilia tu wakimbie hakutawafikisha popote.

Chukua kupokezana vijiti. Kiwanja chetu ni cha murram, kwa hiyo utepe haushiki. Alama tunaitia kwa chokaa. Mpokeaji anasimama mwanzo wa eneo la kupokezana, ambalo tangu kanuni zibadilike mwaka 2017 ni la mita 30 katika mbio za mita 100 mara nne. Anahesabu nyayo 22 kurudi nyuma, anamwaga chokaa. Mwenzake akiikanyaga, yeye anachomoka na haangalii nyuma tena. Hapo ndipo penye kazi, kwa sababu kila binadamu anataka kuangalia. Alhamisi moja alfajiri mwanafunzi wa mwaka wa pili aligeuka mara sita mfululizo. Sikumgombeza. Nilimwita pembeni yule aliyekuwa anamletea kijiti, nikamwambia aite "Mkono!" hatua mbili mapema. Mara ya saba mkono ulitoka nyuma, kiganja kimefunguka, kijiti kikaingia wote wawili wakiwa kwenye kasi. Hakuna aliyekuwa ameongeza mbio kuliko jana yake. Kijiti ndicho hakikupunguza mwendo.

"Msichana akikosa hedhi ni dalili kwamba mazoezi yameingia"

Ningeruhusiwa kufuta dhana moja tu, ningefuta hii.

"Kocha, sasa niko fiti. Hata siku zangu zimeacha kuja." Aliniambia akifunga kamba za viatu, uso umejaa furaha. Nikamuuliza tangu lini. Miezi minne. Nikaketi kwenye nyasi kando yake, tukahesabu chakula cha jana: chai na mandazi mawili asubuhi, mchana hakuna kwa sababu mhadhara uliunganika na mwingine na pesa ilikuwa ya nauli, jioni ugali na sukuma. Juu ya hayo, kilomita kumi na nne.

Mwili usiopata chakula kinachotosha kazi unayofanya huanza kubana matumizi. Homoni ya estrojeni hushuka, hedhi husimama, na mifupa hupoteza uimara. Kisha muundi wa mguu huanza kuuma, na maumivu hayo yakipuuzwa huwa ufa katika mfupa. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko kuhusu upungufu huu wa nishati na kueleza kwamba wanaume nao huupata. Kwao hakuna hedhi ya kuwaonya, ndiyo maana wavulana wangu nawauliza juu ya usingizi, uchovu na mafua yasiyoisha.

Nilimpeleka kwa daktari, ambaye alianza kwa kuondoa sababu nyingine. Tulipunguza kilomita zaidi ya nusu. Nilizungumza na mama wa kibanda cha chakula karibu na lango, akawa anamwekea maharagwe, mayai na maziwa ya mchana kwa bei ya mwanafunzi. Hedhi ilirudi baada ya miezi mitano. Msimu huo hakushindana, na baadhi ya wenzangu waliniona nimempoteza mkimbiaji. Msimu uliofuata alikimbia hadi mwisho bila kuumia hata mara moja.

"Dawa za kusisimua misuli ni shauri la mwanariadha"

Si kweli. Kanuni za dunia humfunga kocha pia: akimpa mwanariadha dawa iliyokatazwa, akiificha au akisaidia kuficha, anafungiwa. Tangu 2016 tuna wakala wetu wa kitaifa wa kupambana na dawa hizo, ADAK. Kwangu kazi kubwa ni ya kila siku na haina kishindo. Mwanafunzi akipata mafua wiki ya mashindano, nasoma kwanza pakiti ya dawa, maana sudoefedrini, iliyomo katika baadhi ya dawa za mafua, ikizidi kiwango siku ya mashindano ni kosa. Na kitakachopatikana mwilini ni mzigo wa mwanafunzi, hata akiwa hakujua.

"Kocha anakula asilimia ya zawadi"

Kocha wa chuo analipwa mshahara na chuo. Anayelipwa kwa asilimia kwa kawaida ni wakala anayemtafutia mwanariadha mashindano, na hiyo ni kazi nyingine kabisa.

"Kocha ana njia ya kukupeleka Marekani"

Wazazi wameuza ng'ombe kwa ajili ya dhana hii. Kocha wa chuo cha Marekani hamtozi mwanafunzi pesa ili amchukue. Anatazama muda, anatazama matokeo ya shule, na chuo kinachoshiriki mashindano ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, kina masharti ya masomo ambayo kasi haiyafuti. Halafu misaada mingi ya riadha hugawanywa vipande: huyu nusu ya karo, yule malazi. Wanaolipiwa kila kitu ni wachache.

Kuna jambo moja zaidi wanalolijua wale makocha: Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa hii nyepesi humbeba wa mita 100 na 400, na humkaba wa mita 5,000. Kwa hiyo muda usioandikwa ulikimbiwa wapi na lini haumsaidii mtu.

Barua pepe ya mwisho niliyomsaidia mwanafunzi kuandika ilikuwa na mistari minane: jina, alama za KCSE (mtihani wa kumaliza sekondari), muda wa mita 400, uwanja, tarehe, video ya mbio, shahada anayotaka kusoma, na shukrani. Jibu lilikuja siku ya tisa. Swali la kwanza la kocha yule lilihusu alama ya hisabati.