Kiitaliano cha ufukweni hakitoshi, na mengine tunayodanganyana Malindi

Dhana: Mtoto wa Malindi ana haja gani ya kusomea lugha za kigeni? Kiitaliano ataokota ufukweni.

Ukweli: Kuokota anaokota, tena vizuri. Waitaliano tunao tangu miaka ya 1960, enzi roketi zikirushwa San Marco, kituo chao cha anga kule Ngomeni. Juzi kijana mmoja muuza vinyago, ambaye mdomoni ni Mwitaliano kasoro pasipoti, alinijia na simu. Mteja keshafika kwao, kamwandikia mistari sita. Kusoma hawezi. "Chiesa" kaitamka kwa ch ya chai, kumbe ch yao ni k yetu. Nilipomsomea kwa sauti akaelewa yote, akacheka.

Dhana: Madhali Kiitaliano hakimo KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, hakimfai mwanafunzi.

Ukweli: Ni kweli hakimo. Kifaransa kimo, na hizo mbili ni ndugu, mama yao Kilatini. Bahari ni mare kwa Kiitaliano na mer kwa Kifaransa, kitabu libro na livre, kula mangiare na manger. Mtoto wa ufukweni angeingia darasa la Kifaransa na mtaji mfukoni. Sisi tunamwambia achague somo lingine, eti Kifaransa kigumu!

Dhana: Lugha nyingi zitamvuruga mtoto.

Ukweli: Kigiriama kwa nyanya, Kiswahili dukani, Kiingereza darasani. Mbona bado yu mzima?

Dhana: Kiarabu anacho, si anakwenda chuo cha Kurani?

Ukweli: Kuhitimu juzuu ni jambo moja, kufuata taarifa ya habari ya Kiarabu ni jingine. Wangu anasoma Kurani kwa tajwidi ya kukutoa machozi, lakini mwambie aagize maji kwa Kiarabu, anakodoa macho. Ila hati anaijua, na herufi 'ain anaitoa kooni panapostahili, mambo yanayomtoa jasho mwanafunzi anayeanzia sifuri. Kilichobaki ni sarufi na msamiati, na msamiati wenyewe mwingine anaujua kwa Kiswahili: kitabu, wakati, habari.

Dhana: Lugha ni masomo ya wasichana.

Ukweli: Vasco da Gama alipotia nanga hapa 1498, aliongea na mfalme wa Malindi kupitia mkalimani wa Kiarabu. Mwanamume, mwenye ndevu bila shaka.

Yule wa vinyago kanunua daftari. Ukurasa wa kwanza kaandika: chi = ki, ci = chi. Wa pili bado mweupe.