Maziwa ya Mama Yaliyokauka Yanaweza Kurudi

Wengi huamini kwamba mama akishaacha kunyonyesha kwa wiki kadhaa na matiti yakanywea, maziwa yamekwisha hadi ajifungue tena. Imani hiyo haina msingi, kwa kuwa titi si mtungi unaojazwa mara moja wakati wa uzazi. Mtoto anaponyonya, mishipa ya fahamu ya chuchu hupeleka taarifa kwenye ubongo, nao huachilia homoni ya prolaktini inayochochea utengenezaji wa maziwa na oksitosini inayoyasukuma yatoke. Yasipotolewa, utengenezaji hupungua, lakini uwezo wenyewe haufi. Hata baadhi ya wanawake ambao hawajawahi kushika mimba wamefanikiwa kunyonyesha watoto wa kuasili.

Anayetaka kuanza upya humweka mtoto titini mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku ukiwamo. Mtoto akigoma kwa kuwa hapati kitu, mrija mwembamba hubandikwa kando ya chuchu, ncha yake ya pili ikiwa ndani ya kikombe cha maziwa, ili ashibe huku akilichochea titi. Mwanzoni huenda yakatoka matone tu, na hapo ndipo wengi hukata tamaa mapema mno, ilhali kazi hii huchukua wiki, si siku mbili. Ni kweli kwamba si kila mama atapata maziwa ya kumtosheleza mtoto. Kwa hiyo maziwa mbadala yasikatishwe ghafla, bali yapunguzwe taratibu, mhudumu wa afya akifuatilia uzito wa mtoto na idadi ya nepi anazolowesha.