Je, wajua kwa nini mechi za mieleka zinapewa nyota za ubora wakati mshindi kashapangwa?

Raw, kipindi cha mieleka cha kila wiki cha kampuni ya WWE, inaoneshwa Jumatatu usiku kule Marekani, kwetu Dar hiyo ni alfajiri ya Jumanne, kwa hiyo ikifika saa nne asubuhi wapenzi wa mieleka kijiweni wanakuwa washachambua kila kitu, mechi ya kwanza ilikuwa tamu, ya pili wamepwaya, ya mwisho imeharibiwa na yule jamaa aliyeingia na kiti. Na hapohapo hakosi mtu wa kuuliza, sasa nyie mnachambua nini, si maigizo hayo, mshindi anajulikana toka juzi?

Ni kweli anajulikana. Wenyewe walishalisema hilo mbele ya serikali, mwaka 1989 kampuni ya WWF, ndo hii WWE ya leo, iliwaambia watunga sheria wa jimbo la New Jersey kwamba mieleka yao ni burudani na sio mashindano, ili wasisimamiwe kama ngumi zinavyosimamiwa. Swali la mshkaji ni la haki kabisa. Kama mshindi kapangwa, nyota nne na nusu ni za nini?

Za kazi iliyofanyika mpaka kufika huko kwenye ushindi. Mchambuzi wa mieleka haulizi nani kashinda, anauliza walinifanya niamini kwa kiasi gani.

Kinachopangwa mara nyingi ni nani anashinda, mechi inaishaje, dakika ngapi na matukio makubwa mawili matatu. Yanayobaki katikati, hasa kwa wazoefu, yanatungwa palepale ulingoni. Angalia vizuri pale mmoja anapombana mwenzie kichwa chini ya kwapa na mechi ikapoa kidogo, hapo wanateta, wanapanga kinachofuata. Refa naye ana kifaa sikioni, anaambiwa toka nyuma ya pazia muda umebaki kiasi gani, anainama kama anamuuliza aliyebanwa "unasalimu amri?" kumbe anafikisha ujumbe kwamba malizeni. Yote hayo yanafanyika laivu, mbele ya maelfu ya watu, hakuna kurudia kipande kama kwenye sinema, mkikosea mmekosea na kamera imeona.

Halafu ule ulingo sio godoro. Ni mbao zimelazwa juu ya fremu ya chuma, juu yake sponji nyembamba na turubai, basi. Mtu anafundishwa kuanguka chali, kidevu kakibana kifuani, mikono inapiga chini pamoja na mgongo ili mshindo usambae, lakini mshindo upo palepale. Tarehe 21 Mei 2001, kwenye Raw ya kawaida tu ya kila wiki, mwanamieleka Triple H alikuwa upande mmoja na Steve Austin dhidi ya Chris Jericho na mwenzake, katikati ya mechi msuli mkubwa wa paja la kushoto ukachanika. Hakutoka. Akakubali mpaka kukunjwa miguu juu ya meza ya watangazaji na Jericho, na paja limeshachanika hivyo, akamaliza mechi, halafu akakaa nje mpaka Januari 2002. Aliyepangiwa ushindi siku ile wengi hawamkumbuki bila kwenda kuangalia, ila mechi yenyewe mpaka leo inatajwa kwenye Raw bora za muda wote. Mimi mtu akiniambia "feki" huwa namtafutia kwanza hiyo mechi.

Na kuna usiku mmoja ambao kwangu ndo unamaliza kabisa huu ubishi. Tarehe 4 Januari 1999 kulikuwa na vita ya televisheni, Raw ya WWF upande huu, Nitro ya kampuni pinzani ya WCW upande ule, siku moja na saa zilezile, mtazamaji achague. Raw ya wiki ile ilikuwa imerekodiwa kabla, Nitro ilikuwa laivu. Sasa WCW wakaona wana silaha, mtangazaji wao akatoboa hewani kwamba Mick Foley, ambaye ulingoni aliitwa Mankind, usiku huo anachukua mkanda wa ubingwa kule kwa wapinzani, akasema kwa kejeli eti hilo litajaza viti. Maana yake watazamaji walishapewa matokeo mkononi, hakuna siri tena. Unajua walifanya nini? Wakahamisha chaneli kwa wingi kwenda kuangalia! Walishajua nani anashinda, wakataka kuona anashindaje, kwa sababu Foley ni yule mtu aliyetupwa toka juu ya kizimba cha chuma Juni 1998, mwili wake wote ulishatumika kwa ajili ya hiyo kazi, na watu walitaka kuwepo siku anapata chake. Ni kama kibanda umiza cha Manzese au Tandika, kila aliyelipia kiingilio anajua stelingi hafi, lakini stelingi akizungukwa na maadui ukumbi mzima unapiga kelele.

Sasa mchambuzi anaangalia nini hasa? Cha kwanza mimi naangalia maumivu. Kama mtu kapigwa mguu dakika kumi nzima halafu dakika ya kumi na moja anakimbia na kuruka juu ya kamba kana kwamba hakuguswa, hapo nyota inashuka, hata kama mruko wenyewe ni mzuri ajabu. Cha pili ni zile za kunyanyua bega refa akiwa keshahesabu mbili na nusu, maana ikifika tatu umeshindwa, zikiwa mbili tatu mahali pake zinakusimamisha kwenye kiti, zikiwa kumi na mbili unaanza kuangalia simu. Na kubwa kuliko vyote, aliyeshindwa katokaje? Machi 1997, WrestleMania 13, tukio lao kubwa kuliko yote la mwaka, Bret Hart alimkunja Steve Austin miguu, Austin uso umejaa damu, akakataa kusalimu amri mpaka akazimia, refa akasimamisha. Rekodi inasema Austin kapoteza. Lakini aliingia pale ni adui, akatoka watu wanamshangilia, na Hart aliyeingia ni kipenzi akatoka anazomewa. Ukichambua mechi ile kwa matokeo tu, umeikosa yote.

Kipindi cha kila wiki kina ugumu wake ambao watu wengi hawaufikirii. Mechi za matukio makubwa zinapewa nafasi ya kupumua, za kila wiki zinakatwa na matangazo ya biashara, kwa hiyo wanamieleka wanapanga mechi izunguke matangazo, adui anamtupa stelingi nje ya ulingo, tunaenda tangazo, tukirudi adui bado anatawala, kisha stelingi anaanza kuamka. Ukishaujua huo mtindo utauona kila wiki. Halafu Raw toka Julai 2012 ilienda saa tatu nzima kwa miaka mingi, na saa tatu kila wiki haziwezi kujaa mechi za nyota tano, nyingine ni za dakika nne za kumtambulisha mtu au kusogeza ugomvi, na mimi naona sio haki kuipima mechi ya namna hiyo kwa kipimo kilekile cha fainali. Naipima kwa kazi iliyotumwa. Ile ya kuishia mtu wa tatu kuingilia, refa anafuta pambano, inaudhi kweli, ila mara nyingi inafanyika ili wote wawili wabaki na heshima mpaka tukio kubwa, tatizo ni wakiifanya wiki tatu mfululizo.

Na wakiamua kuachia, kipindi cha wiki kinatoa maajabu. Shawn Michaels na John Cena pale London, Aprili 2007, walienda karibu saa nzima kwenye Raw. Kenny Omega na Bryan Danielson kwenye Dynamite, kipindi cha kila wiki cha kampuni ya AEW, Septemba 2021 New York, dakika 30 zikaisha hakuna aliyeshinda, sare, na mechi ikapewa nyota tano! Halafu Kofi Kingston, mzaliwa wa Ghana. Februari 2019 kwenye SmackDown, kipindi kingine cha wiki cha WWE, aliingizwa kuziba pengo la mwenzie aliyeumia, mechi ya kupokezana wapinzani mmoja baada ya mwingine, akakaa ulingoni zaidi ya saa moja, akawatoa watatu, mwisho akatolewa. Alishindwa, lakini watu waliipokea ile mechi kwa kishindo na jina lake likaanza kupigiwa kelele kila mahali, na Aprili 7 mwaka huohuo akavaa mkanda wa WWE WrestleMania 35, Mwafrika wa kwanza mzaliwa wa Afrika kuuvaa. Kwa hiyo mtazamaji naye ana mkono kwenye hicho kinachoitwa kupangwa.

Hizi nyota zenyewe aliyezifanya zijulikane dunia nzima ni Dave Meltzer, mwandishi wa jarida la Wrestling Observer, toka miaka ya 1980. Kwa kawaida mwisho ilikuwa tano, halafu Januari 2017 pale Tokyo Dome, Japani, Kazuchika Okada na Kenny Omega wakapewa sita, na mwaka uliofuata Osaka wakapewa saba. Kushuka nako anashuka, anaenda chini ya sifuri. Hulk Hogan na André the Giant, WrestleMania III ya mwaka 1987, aliipa hasi nne, wakati usiku uleule Ricky Steamboat na Randy Savage walipata nne na nusu. Nne na nusu nakubali bila ubishi, Savage alikuwa mtu wa kuipanga mechi hatua kwa hatua na inaonekana. Ila hasi nne nakataa. André mgongo ulikuwa umeshaharibika, anatembea kwa shida, kiufundi hakuna kitu pale. Lakini kama kipimo ni kuaminishwa, basi uwanja mzima ule uliamini kwamba lile jitu halinyanyuliki, na Hogan alipolinyanyua na kulibwaga chini watu waliona kitu walichodhani hakiwezekani. Mimi naipa tatu, na anayebisha aje na hoja ya ulingoni, asije na hoja ya kwamba ilipangwa.