Je, wajua kwa nini kampuni ya chokoleti ilishinda kesi kisha ikalipwa robo ya peni?

Mnamo Desemba 1909, mjini Birmingham, Uingereza, jopo la raia liliamua kwamba gazeti la Standard lilikuwa limeikashifu kampuni ya Cadbury. Cadbury walishinda, na gazeti likaamriwa kulipa gharama za kesi. Lakini fidia waliyopewa kwa kuchafuliwa jina ilikuwa robo ya peni, sarafu ndogo kuliko zote nchini humo. Kila aliyekuwa mahakamani alielewa maana yake.

Kwa nini mshindi aaibishwe hivyo? Jibu linaanzia kwenye dini ya wenye kampuni.

Familia ya Cadbury walikuwa Wakweka, waumini wa Jamii ya Marafiki, dhehebu la Kikristo lililoanzishwa na George Fox katika karne ya 17. Wakweka hawaapi, hawapigani vita, na hapo zamani walikataa hata kuvua kofia mbele ya wakubwa. Kwa misimamo hiyo wengi walifungwa jela. Milango ya vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge ilikuwa imefungwa kwao, hivyo wakaingia kwenye biashara. Huko wakapata sifa ya kuuza kwa bei moja kwa kila mteja, bila ulaghai, na ndani ya jamii hiyo zikazaliwa benki za Barclays na Lloyds pamoja na viwanda vya chokoleti vya Fry, Rowntree na Cadbury.

Sifa yao kubwa zaidi ilitokana na vita dhidi ya utumwa. Mwaka 1783 walipeleka Bungeni ombi la kupinga biashara ya watumwa, na kamati ya kuipiga vita ilipoundwa London mwaka 1787, 9 kati ya waasisi wake 12 walikuwa Wakweka. Sisi wa pwani tuna kumbukumbu yetu pia: utumwa ulipopigwa marufuku kisheria Zanzibar mwaka 1897, Wakweka wa Uingereza walifungua misheni Pemba ili kuwasaidia walioachwa huru.

Upande wa pili wa Afrika, mambo yalikuwa mengine. Sehemu kubwa ya kakao ya Cadbury ilitoka São Tomé na Príncipe, visiwa vilivyokuwa koloni la Ureno. Mwaka 1901 William Cadbury, mmoja wa wakurugenzi wa kampuni, aliona tangazo la shamba lililokuwa likiuzwa huko, na wafanyakazi wake wakiwa wamehesabiwa humo humo pamoja na mali nyingine. Mtu asiyeuzwa hawezi kuorodheshwa hivyo.

Mwandishi wa habari Henry Nevinson alikwenda kushuhudia mwenyewe mwaka 1904 na 1905. Ndani ya Angola, koloni jingine la Ureno, mbali na pwani, alikuta pingu za mti zimezagaa kando ya njia ambayo watu walipitishwa kwenda pwani. Huko walisimamishwa mbele ya ofisa, wakaulizwa kwa lugha ambayo wengi hawakuielewa kama wanakubali mkataba wa miaka 5, kisha wakavishwa shingoni kibati chenye namba na mkebe mdogo wenye karatasi za mkataba. Kwa sheria ya Ureno, hao sasa walikuwa vibarua huru. Baada ya hapo walipakiwa melini kwenda visiwani, na karibu hakuna aliyerudi kwao. Miaka 5 ikiisha, mkataba uliongezwa.

Cadbury nao walimtuma Mkweka mwenzao, Joseph Burtt, akajifunze Kireno kwanza kisha akachunguze. Taarifa yake haikupingana na ya Nevinson: ule ulikuwa utumwa. Lakini kampuni iliendelea kununua kakao ile hadi Machi 1909, miaka 8 tangu lile tangazo. Utetezi wao ulikuwa kwamba mnunuzi ndiye mwenye sauti mbele ya Wareno, na kwamba serikali ya Uingereza iliwasihi wasiharakishe. Serikali nayo ilikuwa na sababu zake, kwa kuwa migodi ya dhahabu ya Transvaal, Afrika Kusini, ilihitaji vibarua kutoka Msumbiji, nayo pia koloni la Ureno.

Kilichowaumiza zaidi ni gazeti lao wenyewe. George Cadbury, mkuu wa kampuni, alikuwa amenunua gazeti la Daily News mwaka 1901, na gazeti hilo liliwashambulia vikali wanasiasa wa chama cha Conservative kwa kuruhusu Wachina wafanyishwe kazi migodini Afrika Kusini katika hali iliyofanana na utumwa. Standard lilikuwa gazeti la upande uliokuwa ukishambuliwa. Septemba 1908 likajibu: hawa wanaowatunza vizuri wafanyakazi weupe wa kiwanda chao cha Bournville wanakula faida ya mikono myeusi ya São Tomé. Mahakamani, wakili wa Standard, Edward Carson, alimuuliza William Cadbury kama amewahi kukadiria watumwa wangapi walikufa wakiandaa kakao yake katika miaka ile. Akajibu hapana.

Ni kweli kwamba Standard lilikuwa na kisasi cha kisiasa, na kumwita William Cadbury mnafiki wa makusudi kulivuka mpaka, maana alihangaika na jambo hili kwa miaka. Hata hivyo lawama yenyewe ilikuwa ya haki. Mema ya mababu zao hayakumlipia yeyote aliyefia shambani, na Wakweka wenyewe ndio waliowafundisha Waingereza kuuliza sukari na pamba vimetoka kwenye mikono ya nani. Jopo liliwapima kwa mizani hiyo hiyo.

Baada ya 1909 Cadbury waligeukia Gold Coast, Ghana ya leo, ambako wakulima Waafrika walilima kakao katika mashamba yao wenyewe. Wareno walianza kuwarudisha baadhi ya watu Angola, lakini kazi ya kulazimishwa kwa mikataba iliendelea São Tomé kwa miongo mingi, na kakao yake ikapata wanunuzi wengine.