Wimbo ule si wa Sinatra

Jumamosi tulipiga kwenye harusi, mimi kwenye piano, wenzangu kwenye besi na dramu, na dada mmoja anayeimba nasi mwaka wa nne sasa. Aliimba Fly Me to the Moon kwa mapigo matatu, taratibu, akianzia kule mwanzo kabisa ambako wengi hawajawahi kupasikia. Alipomaliza, mzee mmoja akaja hadi jukwaani, akampa mkono, akamwambia: "Binti yangu, umejitahidi, lakini wimbo wa Frank Sinatra hauimbwi hivyo." Dada akaitikia, "Asante, baba." Mimi nikanyamaza kwa kuwa ilikuwa shughuli ya watu. Ila neno hilo nimelisikia mara nyingi mno, na leo silimezi tena.

Wimbo ule si wa Sinatra, yule mwimbaji maarufu wa Marekani. Aliutunga Bart Howard mwaka 1954, maneno na tuni. Kazi yake ilikuwa kama yangu, kuwapigia piano waimbaji kwenye vilabu vya usiku vya New York. Wa kwanza kuutia kwenye santuri alikuwa mwanamke, Kaye Ballard, mwaka huohuo. Ulikuwa walsi, yaani wa mapigo matatu, na jina lake lilikuwa In Other Words. Waimbaji wengine wakaurekodi, miaka 10 ikapita, ndipo Sinatra akaingia studio na bendi ya Count Basie mwaka 1964. Quincy Jones aliupanga kwa mapigo manne, ukaanza kutembea kwa ile swingi mnayoijua, mwendo wa jazi wa kuyumbayumba. Kwa hiyo kama kuna waliobadilisha mapigo, dada yetu hayumo. Dada yetu aliurudisha ulikotoka.

Na Sinatra alikuwa na haki ya kuubadilisha. Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1909 ilisema kwamba wimbo ukisharekodiwa mara moja kwa ridhaa ya mwenyewe, yeyote anaweza kuurekodi upya, mradi alipe senti 2 kwa kila nakala. Mtunzi hakuwa na kinyongo. Kadiri walivyouimba wengi, ndivyo alivyokula. Standadi, yaani nyimbo za jazi ambazo kila mwimbaji huziimba kwa namna yake, zimezaliwa humo. Anayesema "hii ni kopi" anautazama muziki huu kwa macho ya zama nyingine, zama ambazo mwimbaji na wimbo wake wameshonwa pamoja.

Ngojeni niseme kuhusu lile jina la zamani, maana hapo ndipo panaponiuma. In Other Words ni "kwa maneno mengine". Kabla ya sehemu mnayoijua kuna utangulizi mfupi, sisi tunauita vesi, unaosema kwamba washairi hutumia maneno mengi kueleza jambo jepesi. Baada ya hapo mwimbaji anafanya hivyohivyo. Anaomba apelekwe mwezini, akacheze kati ya nyota, kisha anajishika: kwa maneno mengine, nishike mkono. Anaendelea: kwa maneno mengine, nibusu. Halafu: uwe mkweli kwangu. Mwisho kabisa, baada ya kuzunguka anga zima, ndipo anapopata ujasiri wa kusema nakupenda. Wimbo mzima ni mtu mwenye haya anayejaribu mara nne. Sinatra aliiacha vesi, na jina nalo likawa limebadilika, basi watu wakabaki na wimbo wa mwezi. Sasa mwimbaji akikuletea vesi, akakuonyesha yule mtu mwenye haya, unamwambia kakosea?

Nyimbo hizi nyingi zilitoka kwenye michezo ya kuigiza ya Broadway, na vesi ilikuwa kivuko kutoka maongezi hadi wimbo. Nje ya jukwaa waimbaji waliikata. Mwimbaji Ella Fitzgerald, katika albamu zake za nyimbo za mtunzi mmojammoja, alizoanza na za Cole Porter mwaka 1956, alizirudisha nyingi, na yeyote anayetaka kujifunza aanzie hapo.

My Funny Valentine ni hivyohivyo. Kila Februari naombwa niupige kwa ajili ya Siku ya Wapendanao, ile Valentine's Day. Richard Rodgers na Lorenz Hart waliutunga kwa ajili ya mchezo Babes in Arms wa mwaka 1937, na Valentine ni jina la kijana. Binti anamtaja kasoro zake usoni pake, umbo, mdomo, hata akili, kisha anamwomba asibadilike hata unywele mmoja. Chet Baker aliuimba mwaka 1954 kwa sauti ya kunong'ona, kasoro zile zikageuka huzuni. Ni wimbo uleule, na ni mtu mwingine kabisa anayezungumza. Misty ndiyo inamaliza ubishi: Erroll Garner aliutunga kwenye piano bila neno hata moja, na Johnny Burke akaja kuuwekea maneno baadaye. Huo nao utasema ni wa mwimbaji gani?

Lawama nyingine ni kwamba mwimbaji "anachelewa". Msikilizeni mwimbaji Billie Holiday na kundi la mpiga piano Teddy Wilson, kuanzia mwaka 1935. Bendi inatembea, yeye anakaa nyuma ya pigo, neno linafika baada ya mahali pake, na bado sentensi inakwisha pamoja na wenzake. Nilipokuwa mgeni wa kazi hii nilikuwa namsubiri mwimbaji wa namna hiyo. Akirudi nyuma, nami narudi nyuma. Usiku mmoja mwimbaji mkongwe aliinama kwenye piano katikati ya wimbo akaniambia, "Mdogo wangu, usinifuate. Ukinifuata sina pa kuchelewea." Tangu hapo vidole vyangu vinabaki kwenye pigo.

Lakini kuna swali linalonisumbua. Nasema wimbo ni tuni na maneno, na mwimbaji ni mpita njia. Mbona Coleman Hawkins, tarehe 11 Oktoba 1939, alirekodi wimbo Body and Soul kwa saksafoni, akaigusa tuni mwanzoni tu kisha akaiacha, na rekodi hiyo ndiyo tunayoisoma hadi leo? Mtunzi, Johnny Green, tuni yake karibu haimo humo, ila kodi zake, yaani zile sauti zinazopigwa pamoja chini ya tuni, zimo. Hapo hoja yangu inayumba. Inayumba pia nikikumbuka kwamba tukiupiga ule wa Howard kama alivyouandika, ukumbi mzima unaona tumekosea. Pengine mapigo manne ya mwaka 1964 yameshakuwa sehemu ya wimbo, na yule mzee hakuwa mbali sana na ukweli kama nilivyodhani.

Jumamosi ijayo tuna harusi nyingine. Dada ameshaniambia ataanza na vesi, kwa walsi, bila haraka. Mzee akiwepo tena, nitamwomba avute kiti karibu na piano kabla hatujafika mwezini.